Makaa ya Anfinn

Barafu iliibana mashua ubavuni, ikaivunja kama njugu. Kabla Torkel hajamaliza kutukana, chakula cha wiki tatu kilikuwa kimeshazama. Alijikokota ufukweni na shemeji yake Anfinn, aliyemwoa dada yake, mtu mwenye mdomo kuliko bandari nzima ya Tromsø. Waliokoa kasia moja, ubao mmoja na njiti sita za kiberiti ndani ya kichupa.

Walitembea siku mbili, upepo ukiwachapa usoni. Miguu ya Torkel ililowa, ikauma, kisha ikaacha kuuma. Hapo ndipo alipoogopa.

"Tuchome ubao, shemeji. Miguu isipopata moto leo, itakatwa."

"Ngoja. Tazama kule!"

Kando ya bahari, katikati ya weupe wote ule, ulisimama mlima mweusi tii. Hakuna mwindaji mwenzao wa sili, wanyama wa bahari ya barafu, aliyewahi kuutaja.

"Makaa ya mawe!" Anfinn akapiga kelele. "Moto hadi tuchoke, na utajiri juu!"

Mwaka ule kila mwindaji aliota makaa. Ukiyaona wa kwanza, ukasimika ubao wenye jina lako, ardhi ni yako. Anfinn akachonga jina lake kwa kisu, akaufunga ubao kwenye kasia, akausimika mahali pa juu.

"Kuni zetu hizo, mwendawazimu!"

"Kuni za nini, na makaa yote haya?"

Wakapanga mawe, wakachana shati la kuwashia. Njiti ya kwanza. Ya tatu. Ya sita. Shati likateketea, mawe yakabaki vilevile, yana matundu na chembe za kijani.

"Umeniua," Torkel akasema. "Kamwambie dada yangu."

Anfinn akainama mbele yake. Akambeba mgongoni kuzunguka mlima, waukwepe upepo. Akateleza, wote wawili wakatumbukia majini chubwi!

Torkel akangoja baridi immalize. Haikuja. Maji yalitoka mwambani yakiwa vuguvugu, na theluji haikuthubutu kukaa karibu. Baada ya saa nzima miguu ikaanza kuuma, naye akalia kwa furaha huku akitukana.

Siku ya tano, meli ya wawindaji ikauona ubao, ikawapakia pamoja na mawe yao. Nahodha akatupa jiwe moja ndani ya jiko la meli, akangoja liwake, akacheka hadi kofia ikamdondoka.

"Makaa ya Anfinn! Mawe haya nimeyaona Aisilandi. Huo ni mlima wa moto, wajinga nyie, na ulishakufa zamani."

Torkel akanyoosha miguu yake iliyofungwa vitambaa.

"Umekufa?" akasema. "Viulize vidole hivi saba vilivyobaki."