Ndago Katika Ukoka wa Mwalimu Venanti

Kila Jumamosi asubuhi Ernesta alitoka na jembe kupalilia magugu ya ndago mbele ya nyumba yake, kijijini Kumsenga. Alianzia mlangoni, akaishia kwenye ua wa minyaa. Binti yake Valeria alimfuata nyuma akizoa majani.

Ukoka wa uwanja ule ulipandwa na mumewe, Mwalimu Venanti, mwaka 1974, walipohamia kijijini. Aliupanda kipande kwa kipande, akipiga magoti. Alisema ukoka huzuia matope kuingia ndani, na ukiwa mfupi nyoka huonekana mapema.

Mwaka uliofuata Venanti aliugua, akafariki. Wakati wa matanga wanaume waliwasha moto mbele ya nyumba kwa siku nne. Ukoka ukaungua, pakabaki shimo jeusi. Ernesta hakuweza kulitazama shimo lile. Alishuka bondeni, akabeba udongo kwa karai, akalifukia.

Mvua iliponyesha, ndago ikaota palepale. Majani yake yalikuwa membamba, yanang'aa, yamesimama kuupita ukoka. Ernesta aliyakata, yakarudi. Aliyalima, yakaongezeka. Baada ya mwaka mmoja ndago ilikuwa imefika mlangoni.

Mwezi wa sita shemeji yake, Tharsisi, alikuja na nusu gunia la chumvi ya Uvinza.

"Mwakeye, shemeji," alimsalimu. "Nimechoka kukuona umeinama. Tumwage chumvi hii, pasiote kitu tena."

"Na ukoka je?"

"Utakufa. Kaka mwenyewe amekufa, shemeji. Tutafanyaje?"

Ernesta aliutazama ukoka. Kisha akasema, "Niachie siku tatu."

Siku ya pili yake alikwenda ofisi ya kijiji kumtafuta bibi shamba, mtaalamu wa kilimo. Huyo aliitwa Siti, msichana aliyehamishiwa huko kutoka Lushoto. Alasiri Siti alifika kwa baiskeli. Tharsisi naye alikuwapo.

Siti alipiga magoti, akachimba taratibu kwa kisu. Akatoa mmea mmoja mzima. Chini yake palikuwa na vikokwa vyeusi, vimeunganishwa na mzizi mwembamba kama punje za rozari.

"Mama Valeria, tazama. Chakula cha ndago kimo humu," alisema. "Ukikata majani, kikokwa kinatoa mengine. Ukipiga jembe, unaukata mzizi huu. Vikokwa vilivyokuwa vimelala vinaamka, na kila kimoja kinakuwa mmea. Jembe linavibeba mpaka kule mlangoni."

"Na huu udongo mweusi ulitoka wapi?" Siti akauliza.

"Bondeni," alisema Ernesta polepole. "Niliuleta mimi. Kumbe ndago hii nimeipanda mwenyewe. Katika ukoka wake!"

Akajifunika uso kwa kanga, akalia. Tangu siku ya maziko hakuwa amelia hivyo. Tharsisi aliinamisha kichwa. Siti alimwacha alie mpaka akatulia.

"Hukujua, mama," alimwambia.

"Nifanye nini sasa?"

"Kwanza, msimwage chumvi. Itaharibu udongo, na mvua itaiteremsha kwenye mchicha wenu. Hiki ni kiangazi, ndio wakati wa kuichimbua ndago. Chimbeni penye ndago kwa uma wa shamba, kina cha mashubiri mawili. Chambueni udongo kwa mikono, mtoe kila kikokwa. Vianikeni juani mpaka vikauke kabisa, kisha vichomeni. Msivitupe kwenye shimo la mbolea, vitaota tena."

"Basi tutakuwa tumemaliza?" aliuliza Tharsisi.

"Hapana. Vingine vitabaki. Kila wiki ng'oeni machipukizi yangali machanga, kabla hayajatengeneza vikokwa vipya. Mvua zikianza, pandeni ukoka uliosongamana, wala msiukate mpaka chini. Ndago haipendi kivuli."

Tharsisi aliirudisha chumvi nyumbani kwake. Kesho yake akaja na uma. Yeye alichimba, Ernesta na Valeria walichambua. Kazi ile iliwachukua wiki tatu. Vikokwa vilijaa madebe mawili.

Novemba walipandikiza hapo vipande vya ukoka wa Venanti vilivyosalia pembeni. Machipukizi ya ndago bado yalitokea, Ernesta akayang'oa bila kukosa wiki hata moja. Msimu wa kwanza yalikuwa mengi, akataka kukata tamaa. Msimu wa pili yalihesabika. Msimu wa tatu ukoka ulikuwa umefunika uwanja wote, na Ernesta aliona chipukizi moja moja tu, mara chache.

Siku moja jirani yake Esteri alikuja kuomba mbegu ya ukoka. Ernesta alichimbua fungu, akalisuuza ndani ya karai mpaka mizizi ikawa myeupe. Akaikagua mmoja mmoja.

"Mbona unaiosha kama mboga?" aliuliza Esteri.

"Ukoka huu aliupanda baba Valeria," alisema Ernesta. "Nataka ufike kwako peke yake."

Akampa fungu lile, kisha wakaenda pamoja kulipanda.