Makombo ya Meza ya Tatu

Kengele ya saa moja ilipogongwa, watoto wa kambi walitoka mabwenini, wengine wakiwa bado na miswaki mdomoni, kila mmoja akaelekea kwenye kazi yake. Kuna waliofagia, kuna waliomwagilia miche, na kuna waliochambua maharage pamoja na mpishi. Kambi ilikuwa katika shule iliyofungwa kwa likizo. Watoto arobaini kutoka nchi nne walikuwa wamekutana hapo kwa wiki mbili wajifunze lugha na maisha ya wenzao, na wajifunze pia kutumia vitu bila kuvipoteza ovyo.

Meza ya tatu ilikuwa na watoto wanane. Mwenyeji wao alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili ambaye hakutembea pale alipoweza kukimbia, na kwa hiyo aliitwa Chapuchapu. Aliyelala kitanda cha jirani yake alikuwa mgeni kutoka mbali. Huyo alikuwa amesoma Kiswahili kwao kwa miaka mitatu, na kila neno jipya aliloliokota aliliandika, hata majina ya sufuria. Wenzake walimwita Daftari, naye alilipenda jina hilo.

Daftari alikabidhiwa lundo la mboji nyuma ya jiko. Lundo hilo lilikuwa la maganda mabichi na majani makavu tu, yaliyoachwa yaoze taratibu mpaka yawe mbolea ya miche. Kila asubuhi alichomeka ufito wa chuma katikati, akasubiri kidogo, akauchomoa na kuugusa. Ukiwa na joto, lundo lilikuwa zima. Siku ya mwisho, Jumamosi ya wiki ya pili, angesimama mbele ya wazazi na kueleza kazi hiyo kwa Kiswahili. Kwao shule nzima ilikuwa ikisubiri maelezo yake ili nayo itengeneze lundo.

Kazi ya Chapuchapu ilikuwa kupakua chakula cha mchana na baadaye kupeleka ndoo ya makombo kwenye mizani. Uzito wa kila meza uliandikwa ubaoni kwa chaki. Meza yenye makombo machache kuliko zote ndiyo ingewatembeza wazazi kambini siku hiyo ya mwisho. Chapuchapu aliitaka nafasi hiyo kwa udi na uvumba, kwa kuwa mama yake angekuja.

Tatizo ni kwamba kwao mgeni hapakuliwi kidogo. Ukingo wa sahani ukionekana, basi mgeni amenyimwa. Chapuchapu alishindilia wali, akaongeza mwiko mmoja, halafu mwingine wa heshima.

"We mtoto," mpishi alimuuliza, "unapakulia watu au unajenga?"

Wageni walisema asante, wakala mpaka wakashindwa, wakaacha nusu. Jumatatu makombo ya meza ya tatu yalikuwa kilo tatu. Jumanne yalikuwa kilo tatu na ushee. Meza ya pili haikufika hata kilo moja.

Jumatano palikuwa na wali na mchuzi wa nyama. Chapuchapu alipita nyuma ya jiko na ndoo yake nzito, akatazama huku na huku, hakuona mtu. Alichimba shimo kwenye lundo kwa mikono, akamwaga humo karibu makombo yote na kuyafunika kwa majani makavu. Alijiambia kwamba kuoza ni kuoza tu. Mizani ilionyesha robo kilo, na meza ya tatu ikapiga makofi. Alifanya hivyo tena Alhamisi, Ijumaa na Jumatatu.

Jumanne asubuhi harufu ilifika mpaka bwenini. Bibi shamba, ambaye watoto wote walimwita shangazi, alikuja na mkuu wa kambi, kila mmoja ameziba pua. Daftari alichomoa ufito. Ulikuwa baridi na umejaa ute, na nzi waliufuata.

"Lundo hili ni la nani?" mkuu wa kambi aliuliza.

"Langu, mwalimu," Daftari alijibu.

"Umetia nini humu?"

"Maganda, majani na maji kidogo. Sijui kwa nini limekuwa hivi."

Mkuu wa kambi alishusha pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Jumamosi hutaeleza tena, utasaidia kupanga viti. Lundo tutalifunika kwa turubai wazazi wasilione."

Daftari aliinamisha kichwa, akasema ndiyo. Chapuchapu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Aliona aibu, na kuliko aibu aliogopa, kwa hiyo alinyamaza.

Mchana, wakati wa mapumziko, alimkuta mwenzake amekaa kitandani akipekua kurasa.

"Unatafuta nini?"

"Kosa langu," Daftari alisema. "Nadhani ni maji. Siku moja nilitia vikombe viwili. Naandika kwamba vikombe viwili vinaua lundo."

"Maji hayana neno."

"Basi ni nini? Nimesoma yote mara mbili. Wenzangu nyumbani watafuata nitakachoandika. Nikiwapelekea uongo, na wao watakosea."

Chapuchapu alitazama ukurasa. Kalamu ilikuwa bado inaandika.

"Futa," alisema. "Ni mimi. Nilimwaga makombo kwenye lundo lako ili ndoo iwe nyepesi."

Daftari aliweka kalamu chini. "Mara ngapi?"

"Nne."

"Mimi nilikuwa nanawa mikono mara tatu kila siku. Nilidhani ninanuka mimi."

"Nisamehe. Nakwenda kumwambia mwalimu sasa hivi."

"Nenda," Daftari alisema. "Mimi siendi na wewe."

Chapuchapu alipiga moyo konde akaenda peke yake. Mkuu wa kambi na bibi shamba walikuwa wamekaa barazani, akawaeleza yote bila kupunguza. Mkuu wa kambi hakufoka. Alisema Daftari ataeleza kazi yake Jumamosi kama ilivyopangwa, kisha akaenda ubaoni, akafuta namba nne za meza ya tatu, akaiandika ya mwisho. Watoto wa meza hiyo walikasirika, na mmoja wao hakumpa Chapuchapu chumvi kwa siku mbili.

"Kwa nini makombo yenu yalikuwa mengi hivyo?" bibi shamba alimuuliza.

"Nawapakulia tele, shangazi. Ni wageni."

"Uliwahi kuwauliza wanataka kiasi gani?"

Hakuwahi. Mchana wa Jumatano aliuliza sahani kwa sahani. Wanne walitaka nusu ya alichozoea kuwapa, wawili robo, na kijana mmoja mwembamba alitaka zaidi, akasema amekuwa akiona haya kuomba. Ndoo ilibaki na mifupa tu.

Jioni hiyo Chapuchapu alianza kulifukua lundo. Mashimo yote manne yalikuwa na funza. Alikuwa ameshafukua moja, amefunga kitambaa puani, Daftari alipotokea na beleshi la pili.

"Bado nimekasirika," alisema. "Shika upande ule."

Walitoa uozo wote na kuufukia mbali. Kisha walichanganya lundo na majani makavu na vumbi la mbao kutoka kwa fundi seremala, wakaligeuza juu chini. Ijumaa ufito ulitoka na joto kidogo, lakini mbolea haikuwa tayari, na miche ilibidi isubiri mwezi mwingine.

Jumamosi meza ya pili iliwatembeza wazazi. Turubai halikuwekwa. Daftari alieleza kazi yake kwa sauti thabiti, na alipofikia siku lundo lilipoharibika akasema, "Hapa ataeleza mwenzangu." Chapuchapu alieleza mbele ya watu wote, na mama yake akiwa mstari wa kwanza. Uso ulimwaka moto, lakini alimaliza.

Bibi shamba alimwekea mkono begani.

"Wanangu," alisema, "kwa siku nne mizani ilisema meza hii haitupi chakula, na chakula kilitupwa vile vile. Hakuna punje iliyookolewa. Huyu aliuondoa mzigo kwake, ukamwangukia mwenzake asiyejua lolote. Tunapima makombo ili tujue tunakosea wapi. Ukiificha hesabu, hutajifunza, na mwingine atalaumiwa kwa ajili yako. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

Mama yake Chapuchapu alisimama. Alivua viatu vyake vya kutokea, akakunja mikono ya gauni, akauliza kama kuna beleshi la ziada, maana lundo lilikuwa bado linahitaji kugeuzwa.