Kiti cha Lucien

Jioni hiyo Alphonsine alitumwa kununua sombe, yale majani ya muhogo. Dada zake walikuwa wamejaa nyumbani Saint-Gilles, huku ughaibuni, wanapika, maana kesho walikuwa wanaondoa matanga ya mdogo wao Lucien, aliyeokotwa ndani ya mfereji wa meli akiwa amekwisha kuvimba. Mara mbili Alphonsine alikuwa amekataa yasiondolewe.

"Apana. Asiende kwanza. Bado ana kazi."

Sasa hata sombe hakununua. Alipita Matonge, mtaa wa maduka ya kwetu, bila kugeuza shingo, akaingia ukumbi wa shindano la poka.

Shindano hilo lilichanganya wote: wanaocheza kwa kujifurahisha, na wale ambao karata ndiyo kazi yao. Lucien alikuwa amejiandikisha, yeye na dada yake Alphonsine, kabla ya kufa. Viti vilipigiwa kura. Na kura hiyo, sijui nani aliishika mkono… ikamweka Alphonsine huku, Anaclet kule, na katikati yao kiti cha Lucien.

Kitupu.

Huyo Anaclet, mtoto wa Lubumbashi, alikuwa bingwa. Ndiye aliyemfundisha Lucien karata. Ndiye aliyeonekana naye mwisho, kando ya mfereji. Na kwenye matanga hakukanyaga hata siku moja. Kwetu, mtu akikimbia kilio cha rafiki yake, hatuulizi tena.

"Ah, maman Alphonsine! Na weye unacheza? Bon, tutakufundisha."

"Vile ulimufundisha mudogo wangu?"

Akacheka. Akaangalia kando.

Océane, msichana mgawaji, akagawa karata. Sheria ya poka ni hiyo: aliyeandikishwa asipofika, kiti chake kinapewa karata vilevile, halafu zinaondolewa.

Alphonsine akakiinamia kile kiti kama anayeamsha mtoto.

"Lucien… uko? Ni huyu hapa."



Halafu harufu. Matope. Maji yaliyolala…

Océane akanyoosha mkono aziondoe karata za kiti kitupu. Hazikutoka. Akavuta. Zilikuwa zimelowa chapachapa, zimebanwa kama chini ya kiganja.

Ndo… ndo… ndo…

Maji yalidondoka kwenye zulia. Anaclet akaacha kucheka. Kwenye mkono wake, juu ya meza, alama za vidole zikaanza kudidimia katika nyama, moja moja. Vidole vilivyopinda.

"Alphonsine," akanong'ona. "Umuambie aniachilie."

"Kwani weye ulimufanya nini?"

"Tuligombana. Akateleza ndani ya maji, akanishika, ananivuta… Alors nikamukanyaga vidole. Vidole tu, maman!"

"Na kumulilia haukukuja."

"Nitakuja kesho. Naapa, nita—"

Maji yakamtoka mdomoni. Meusi, na jani la mti ndani yake. Akazama pale pale, ghorofa ya pili, juu ya kiti chake. Daktari alisema ni moyo. Maji hakuyaeleza.

Alphonsine alisikia utamu mwili mzima, utamu wa kweli kabisa.

"Imetosha, mudogo wangu. Sasa wende."

Vidole vya baridi, vilivyopinda, vikaingia kiganjani mwake, polepole, kama enzi zile alipokuwa akimvusha barabara.

Akavuta mkono.

Vikakaza.

Kesho yake watu walikula, wakacheza ngoma. Alphonsine alikaa pembeni, ngumi imefumbwa kando ya kiti, maji yakimchuruzika kati ya vidole. Dada yake alipomvuta wakacheze, alitikisa kichwa.

"Uniache," akanong'ona. "Anakatala nisimame."