Aliyejibu Kwenye Nyavu

Mimi sikuwepo. Alinisimulia rafiki yangu Isaïe, mvuvi wa hapa Kisangani, na Isaïe si mtu wa pombe.

Kila akienda kutoa nyavu zake mtoni, anazikuta tupu, zimefungwa upya kwa fundo asilolijua. Akamshuku shemeji yake Gédéon. Basi jioni moja, mawingu ya mvua yameshatia mto giza, akamwita.

"Shemeji, panda tuende wote. Leo tutaona ule mwizi."

Kukiwa giza, wavuvi wetu hugonga kasia kwenye ubavu wa mtumbwi, na aliye karibu lazima ajibu. Isaïe akagonga. Kule kwenye nyavu pakajibiwa, ko, ko, polepole.

"Bon, mimi niko hapa na wewe," Gédéon akasema. "Ule anajibu ni nani?"

"Nyamaza. Piga kasia."

Walipofika hapakuwa na mtumbwi wowote. Nyavu zilikuwa nzito. Isaïe akavuta, Gédéon akamulika kwa simu. Samaki walijaa, wote wamepasuliwa, matumbo yametolewa, wamejazwa chumvi kama makayabu, wale samaki wa bahari wanaouzwa sokoni.

Na midomo yao ilikuwa bado inafunguka na kufungika.