Asumini Nyeusi Kwenye Kioo

"Dakika nne, Mejumaa," sauti ya Musyoka, polisi mwenzake, ilimkwaruza sikioni kupitia kisikizi. "Heliamu ikikwisha, umekuwa kipofu."

Mejumaa alizidi kukichungua kichochoro. Alikuwa amesimama mlangoni kwa Zakariya, Mji wa Kale, buibui limemganda mgongoni kwa jasho, mkoba mzito begani. Ndani yake mlikuwa na utando wa madini mwembamba kuliko ganda la kitunguu, uliopozwa kwa heliamu mpaka umeme ukapita bila kizuizi. Ulinasa mawimbi ya terahetzi yanayotoka katika kila mwili na kupenya nguo. Chuma na maji tu ndivyo vilivyoyazuia. Picha ilitokea kwenye Samsung kiganjani mwake, na kwenye simu ya Musyoka aliyejificha karibu.

Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wakiingia kichochoroni na zawadi za bibi harusi, sinia vichwani, vigelegele juu.

Sinia moja, walivyodokezwa, ilikuwa na bomu.

Kesho Zakariya, afisa wa forodha, angetoa ushahidi dhidi ya genge la magendo. Ni Mejumaa aliyemshawishi. Alimwapia kwamba wanawe hawataguswa. Sasa binti ya Zakariya, ndiye bibi harusi, alikuwa ndani akipakwa hina.

"Tuwatoe watu?" Mejumaa aliuliza.

"Thubutu! Mtu wao yuko hapo karibu, ana rimoti. Akiona mbio, atabonyeza."

Sinia ya kwanza, kanga. Safi. Ya pili, viatu. Safi. Ya tatu, ya nne. Safi.

Ya tano ilikuja nyeusi tii.

"Mtambo umekufa," Musyoka alisema. "Toka hapo, Mejumaa. Toka!"

Lakini mama aliyeibeba alikuwa aking'aa kiooni kama wenzake. Mtambo ulikuwa mzima. Mejumaa aliinua macho akaona asumini, zimerowa chapachapa, maji yanamchuruzika mama wa watu usoni.

"Shangazi, nani kazirowesha hivi?"

"Huyo muuzaji mgeni pale mtaani Makadara, mwanangu. Nalimwambia zitaharibika, hakunisikia."

Muuza asumini wa Mombasa hunyunyiza matone tu, maana zikirowa hugeuka rangi kabla bibi harusi hajazinusa. Huyu alikuwa akificha chuma nyuma ya maji.

"Sekunde arubaini," Musyoka alihesabu.

Aliugeuzia mkoba barazani ng'ambo, kwa wanaume sita waliokuwa wakinywa kahawa. Simu. Funguo. Simu. Wa mwisho alikuwa na kijisanduku chini ya kanzu, chenye mkia wa waya, na mkono umekifunika.

Heliamu ikaisha, kioo kikazimika.

"Nipe sinia, shangazi. Umechoka."

Alivuka kichochoro nayo. Hakuwa amewahi kuogopa vile maishani mwake. Akaketi bega kwa bega na yule mtu, akamwekea sinia mapajani.

"Bonyeza," akamnong'oneza.

Mtu yule aliziangalia asumini. Midomo ilimkauka. Kisha akautoa mkono polepole, mtupu.

Musyoka alifika na pingu, na mtegua mabomu nyuma yake.

Zakariya alichungulia mlangoni. "Mejumaa, wageni wataka kuingia ndani. Asumini za mwanangu zi wapi?"

"Zimeharibika, Bwana Zakariya. Nakuletea nyingine sasa hivi."

Zakariya alizitazama pingu, akamtazama yeye, akashika mwimo wa mlango asianguke.

Mejumaa alikuwa keshashika njia ya Makadara, kwa yule muuzaji.