Uyoga Uliokatwa Shina

Jumamosi asubuhi Ng'washi alichukua panga na kikapu akaenda kutafuta kuni, kama ilivyokuwa desturi yake. Mvua zilikuwa zimeanza. Familia yao ilikuwa imehamia Biharamulo kutoka Shinyanga msimu uliopita, na mengi ya huku yalikuwa bado mageni kwao. Lakini uyoga Ng'washi aliamini anaujua.

Aliuona karibu na kichuguu, mweupe na mnene. Jirani yao, Mama Jovitha, mwenyeji wa pale, huung'oa mzima na udongo wake. Ng'washi aliona huo ni uchafu tu. Aliukata kwa panga juu ya ardhi, kama alivyozoea kwao, akautia kikapuni na kuufunika kwa majani.

"Shikamoo, mama," alimwamkia Mama Jovitha njiani.

"Marahaba, mwanangu. Umepata nini leo?"

"Kuni tu." Hakutaka kufundishwa uyoga kama mtoto mdogo.

Nyumbani mama yake, Magdalena, aliuliza, "Umemwonyesha Mama Jovitha?"

"Nimemwonyesha."

Uyoga ulikuwa kidogo, wa kutosha mtu mmoja. Mdogo wake, Abeli, alikuwa amechoshwa na ugali kwa chumvi. Ng'washi alimpenda sana, akaupika akampa wote. Abeli alilamba bakuli huku akicheka.

Alfajiri Abeli alianza kutapika na kuharisha. Mama akamnywesha maziwa, yakarudi yote. Mama Jovitha alikuja mbio. Hapo Ng'washi akasema ukweli, kwamba aliukata uyoga juu ya ardhi na hakumwonyesha mtu.

"Msingoje, mpelekeni kituo cha afya!" Mama Jovitha alisema. "Na wewe, shina liko wapi?"

"Nililiacha ardhini."

"Kalichimbue ulilete! Uyoga mzuri una mzizi mrefu unaoshuka kichuguuni."

Ng'washi alichimba kwa vidole. Hapakuwa na mzizi mrefu. Shina liliishia kwenye kitu kama kikombe cheupe. Akakimbia nalo mpaka kituo cha afya.

Daktari alilitazama shina akatikisa kichwa. "Huu una sumu. Tunampa maji kwa njia ya mshipa, lakini lazima aende hospitali kubwa."

Gari la wagonjwa lilichelewa kwa sababu ya tope. Ng'washi alishika mguu wa Abeli, ulikuwa baridi. Kukimbia hakukusaidia tena, wala kulia, wala kusema ukweli. Alibaki kutazama mlango tu.

Baadaye Abeli aliacha kutapika, akaomba uji.

"Amepona?" mama aliuliza kwa furaha.

"Hapana, mama," daktari alijibu. "Sumu hii hutulia hivyo huku inakula ini. Safari iko palepale."

Hospitalini macho ya Abeli yaligeuka manjano. Ng'washi aliomba Mungu mpaka maneno yakamwishia. Kisha, polepole, macho yale yakarudi kuwa meupe, na siku moja wakaruhusiwa kurudi nyumbani.

Mama Jovitha aliwaletea ndizi. Abeli, aliyekonda sana, alimwangalia dada yake.

"Dada, siku ile hukula hata kidogo. Safari nyingine tule wote."

Ng'washi aliangua kilio. Mama Jovitha akamvuta karibu.

"Lia, mwanangu, lakini usikie. Unaujua uyoga wa kwenu, wa huku huujui. Mgeni kuuliza si aibu. Ung'oe mzima, umwonyeshe anayeujua, na useme kweli ukiulizwa. Hata mimi nikiwa na shaka, natupa. Kulala na ugali mkavu hakujamuua mtu."