Beseni Chini ya Boila

Wiki ile nyumba nzima ilinuka rangi. Zamu ya misa ilikuwa imewafikia. Kule Drumkeel, kwenye vilima vya Leitrim, kila familia hupata zamu ya kumkaribisha padri na majirani wote kwa misa ya nyumbani, na mpaka zamu ikurudie tena, mtoto uliyemwacha akitambaa anakuwa na ndevu. Ndiyo maana ikifika, kuta hupakwa rangi, mapazia hufuliwa, hata banda la kuku hupigwa chokaa, utadhani padri atalala humo.

Muireann, msichana wa miaka kumi na miwili, alirudi kutoka shuleni, akavua viatu vyake vya matope mlangoni na kushika brashi bila kuambiwa. Mama yake, Imelda, alikuwa juu ya ngazi. Bibi Attracta, mama yake Imelda, alikuwa mezani akikata mkate wa zabibu. Baba alikuwa safarini na lori lake.

"Mhandisi wangu huyo!" mama akasema. "Hebu nipe kitambaa hicho."

Muireann alimpa, lakini hakumtazama usoni.

Jina hilo la mhandisi alilipata mwanzoni mwa wiki. Mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha kabisa kwenye tangi, na gari lilipoleta mengine, boila ya kupasha nyumba joto ikagoma kuwaka, kwa sababu hewa ilikuwa imeingia kwenye bomba. Mjomba Fintan, fundi wa boila, alisema angekuja kesho yake. Lakini ilikuwa Novemba, na bibi alikuwa amejifunika blanketi mbili huku meno yakigongana.

Muireann alikuwa amemwona baba yake akitoa hewa. Alikuwa pia amemsikia akisema kwamba boila si kitu cha mtoto kuchezea. Hata hivyo alichukua spana, akaingia kwenye kibanda cha boila nyuma ya nyumba, akalegeza skrubu ndogo ya pampu. Hewa ikatoka, mafuta yakafuata. Akaikaza skrubu. Akaona haitoshi, akaikaza tena kwa nguvu zake zote, mpaka kitu kikalegea ghafla mkononi mwake. Akabonyeza kitufe chekundu. Boila ikanguruma!

Mama alimkumbatia, akamwambia Fintan asijisumbue kuja, kisha akawapigia simu majirani. "Mhandisi ninaye nyumbani! Fintan atakosa kazi!"

Kesho yake Muireann alikuta pampu inavuja. Tone, tone, tone. Akaweka beseni kuukuu chini yake, na kila jioni alilimwaga kwenye mtaro nyuma ya kibanda. Angewaambiaje? Sifa zilikuwa tamu mno, na zingegeuka kicheko cha kijiji kizima. Akajiambia kwamba misa ikipita atamwambia mjomba kwa siri.

"Mbona nasikia harufu ya mafuta ya taa?" bibi aliuliza jioni moja.

"Si haya tunayosafishia brashi, Mama," Imelda akajibu. "Harufu itaisha rangi ikikauka."

Muireann alinyamaza. Akachovya brashi, akaendelea kupaka.

Siku ya misa ilikuja na mvua. Asubuhi, Muireann aliponyoka kwenda kibandani, akakuta beseni limefurika. Mafuta yalikuwa yametiririka mpaka mtaroni, yanang'aa rangi rangi juu ya maji ya mvua. Aliyafuata kwa macho, kisha kwa miguu. Mtaro ulishuka, ukakata kona, ukaishia kwenye ukuta wa kisima chao, na mvua ilikuwa ikiyasukuma mafuta yote ya wiki ile ndani. Maji ya chai yalikuwa yameshachotwa humo, na birika mbili kubwa zilikuwa jikoni zinachemka.

Akakimbia ndani. Wageni walikuwa wameshaanza kuingia wakikung'uta makoti. Padri Kilbane alikuwa chumbani kwa bibi akiungamisha watu kabla ya misa, kama ilivyo desturi. Muireann akaingia na kupiga magoti.

"Padri, nimedanganya. Hapana, sikudanganya. Nimenyamaza." Akamweleza yote, skrubu, beseni, mtaro.

"Na chai ya leo imetoka kisima hicho?"

"Ndiyo, Padri."

Padri alivuta pumzi ndefu. "Mungu anakusamehe, mwanangu. Lakini nisikilize vizuri. Nililolisikia hapa kwenye maungamo siwezi kulitoa nje. Hata kikombe nikipewa, siwezi kumwambia mtu kwa nini nakikataa. Mwenye mdomo ni wewe."

"Naogopa."

"Najua. Ogopa, lakini useme."

Alimfuata mama yake jikoni. "Mama, naomba..."

"Baadaye, mwanangu! Watu wameshakaa, padri anatoka."

Misa ikaanza. Muireann hakusikia somo wala nyimbo. Alisikia birika tu. Misa ilipokwisha, watu wakaanza kucheka na kuongea kwa sauti, na bibi akamimina kikombe cha kwanza, kikombe kizuri chenye maua, akampelekea padri kwa mikono miwili. Akamimina cha pili, cha tatu. Padri akatia sukari, akakoroga. Akakoroga tena.

"Padri, sukari imeshayeyuka!" akatania mzee Gussie, jirani yao. "Au umeangusha kitu humo?"

Watu wakacheka. Mama naye akainua kikombe chake.

"Msinywe!" Muireann akapiga kelele. "Mama, weka chini! Maji yana mafuta ya taa!"

Akasema yote, mbele ya kila mtu, machozi yakimtiririka. Bibi akanusa kikombe, akakunja uso, akakiweka chini.

"Lakini nilikusifu kwa kila mtu," mama akasema polepole.

"Ndiyo maana nilishindwa kusema, Mama."

Mjomba Fintan alikuwa ameshasimama. Alienda kufunga koki ya tangi, akaifungua pampu, akarudi nayo mkononi. "Skrubu imekazwa kupita kiasi, nyuzi zake za kushikia zimesagika kabisa. Hii haitengenezeki, lakini garini ninayo nyingine." Akamtazama Muireann. "Ungeniambia siku ile ile, ingekuwa kazi ya saa moja, basi. Haya, njoo unishikie tochi."

Mzee Gussie akavaa kofia yake. "Mimi naleta maji ya kisima changu. Na leo ndiyo mtajua chai nzuri inavyokuwa, maana ya Attracta nimeivumilia miaka mingi."

"Nenda zako huko!" bibi akamjibu, na watu wakapata pumzi ya kucheka.

Kabla ya giza pampu mpya ilikuwa imefungwa, na Fintan aliipangusa kwa kitambaa kikavu mara kadhaa mpaka akaridhika kwamba haivuji. Udongo wa mtaro ulichimbwa na kuondolewa. Kisima kilifungwa, na kila asubuhi kabla ya shule Muireann alibeba ndoo kwa mzee Gussie na kurudi, mvua ikinyesha au isinyeshe, mpaka wapimaji waliposema maji ni safi tena.

Asubuhi moja bibi alimpokea ndoo mlangoni, akaiona mikono ya Muireann ilivyokuwa myekundu kwa baridi, akaishika katikati ya mikono yake.

"Siku ile niliona aibu, sikufichi," bibi akasema. "Rangi yote ile, wageni wote wale, halafu tunaaibishwa na mjukuu wangu! Kisha nikakiona kikombe cha mama yako kilivyokuwa karibu na midomo yake. Aibu ikanitoka pale pale, nikabaki na hofu."

"Nisamehe, Bibi."

"Nimeshakusamehe. Ila shika hili. Ukiharibu kitu, njoo useme siku hiyo hiyo, hata kama tumekusifu, hata kama nyumba imejaa wageni. Pampu inauzwa dukani, mjukuu wangu. Mama yako hauzwi."